Túlio Maravilha na yale mabao 1,000: tunayahesabu au tunayaacha?

Swali
Wadau, nampitia huyu straika wa Brazili na ananichanganya. Katoka Goiás akaenda Sion ya Uswisi, akarudi Botafogo, kisha Corinthians, Fluminense, Cruzeiro, Újpest ya Hungaria, Jorge Wilstermann ya Bolivia, na vitimu vingine ambavyo hata kwenye ramani vinanisumbua. Mfungaji bora wa ligi kuu mara tatu (1989, 1994 na 1995), mbona hakutulia popote? Na hayo mabao 1,000 anayodai kufunga, kayafunga wapi?

Jibu la kwanza
Kelele tu. Bao la elfu kalifunga Februari 2014 akiwa Araxá, daraja la pili la jimbo la Minas Gerais, kwa penalti, ana miaka 44. Humo kuna mechi za kirafiki na za vijana. Hesabu kajipigia mwenyewe.

Jibu la pili
Sawa, lakini basi futa na ya wenzake. Pelé naye alihesabu za kirafiki, na hata mechi za jeshini. Romário, straika mwingine wa Brazili, vilevile, bao lake la elfu mwaka 2007 dhidi ya klabu ya Sport. Wote watatu walilifunga kwa penalti! Wakubwa wakijumlisha tunapiga makofi, Túlio akijumlisha tunacheka.

Kuhusu kuhamahama: soka la Brazili lilivyo ndivyo linavyomtengeneza mtu wa aina yake. Mwaka unaanza na ligi za majimbo, zinakwisha baada ya miezi michache, na klabu ndogo zisizo na nafasi kwenye ligi ya taifa hazina tena mechi za maana. Zinasaini wachezaji kwa miezi mitatu, minne, kisha kwaheri. Straika mwenye jina anajaza uwanja, kwa hiyo simu yake haiachi kuita. Mwaka 2005, akiwa na miaka 35, alikuwa klabu ndogo ya Volta Redonda ilipobeba Taça Guanabara, kombe la raundi ya kwanza ya ligi ya jimbo la Rio, mbele ya vigogo wa Rio. Na akiwa klabu ya Vila Nova mwaka 2008 aliibuka mfungaji bora wa Série B, daraja la pili la taifa. Huyo ni mzee wa kubebwa?

Mimi simpimi kwa elfu. Nampima kwa 1995. Alikuwa mviziaji haswa: hakimbii sana, hapigi chenga, mpira ukidondoka ndani ya boksi yupo. Copa América, kombe la mataifa ya Amerika Kusini, robo fainali na Argentina, akautuliza kwa mkono, akafunga, ikawa 2-2, Brazili ikapita kwa matuta. Kwenye fainali na Uruguay akafunga tena, halafu matuta yalipofika akakosa yeye. Desemba, fainali ya ligi, Botafogo na Santos: mechi ya kwanza akafunga uwanja wa Maracanã, ya marudiano akafunga na uwanja wa Pacaembu, na hilo la pili ameotea waziwazi. Watu wa Santos mpaka leo hawataki kulisikia.

Jibu la tatu
Hata Santos wenyewe bao lao la kusawazisha siku hiyo lina maneno, na lingine halali likakataliwa. Refa aliwaharibia wote, ila Santos zaidi.

Muulizaji
Kumbe ni suala la kalenda. Hiyo Taça Guanabara ya Volta Redonda sikuijua kabisa, ngoja niisake. Elfu nawaachieni mgombane.

Jibu la pili
Isake. Ila bao la Argentina litazame kwanza, uone alivyoshangilia bila aibu yoyote.