XRF inasema bati 24% kwenye sanamu ya fahali: tuiamini?

Mfuashaba
Wakuu, kuna sanamu ya kale ya fahali, ya kusubu, urefu sm 9, imetoka ardhini na kutu ya kijani mwili mzima. XRF ya mkononi (kifaa kinachosoma aina za metali kwa miali ya eksirei) ubavuni inatoa shaba 58%, bati 24%, risasi 14%, chuma 3%. Kwenye kwato risasi inafika 19%. Tumboni kuna tundu na ndani yake udongo mweusi. Namba zipi ni za kweli? Na tuanze na eksirei au sampuli?

Keekee_1mm
Mkuu, hapo umepima kutu. Kwenye bronzi (mchanganyiko wa shaba na bati) XRF inasoma mikroni makumi tu za juu. Ardhini shaba huondoka na maji kidogo kidogo, bati hubaki kama oksidi, hivyo juu bati huonekana nyingi kuliko ndani. Hiyo chuma 3% huenda ni udongo ulioganda.

Toboa pasipoonekana, mfano chini ya kwato: ncha ya mm 1, mwendo wa polepole, bila mafuta. Unga wa kijani na ule mwekundu unaofuata, tupa. Anza kukusanya ukiona vinyuzi vya metali vinavyong'aa kama dhahabu. Miligramu 20 zinatosha. Ukikimbiza keekee ncha inashika moto na vinyuzi vinageuka vyeusi: umeshaunguza sampuli.

Kuhusu risasi, usikimbilie kusema ni kutu tu. Risasi haishikani na shaba, hubaki matone na huzama kabla metali haijaganda. Toboa na mgongoni pia. Kwato zikizidi risasi hata kwa ndani, basi huenda fahali alisubiwa akiwa amesimama.

Kiini
Kabla ya yote, HIYO EKSIREI ISUBIRI! Udongo wa tumboni ni kiini cha kalibu, na unaweza kupimwa umri kwa thamolumineseni (mwanga ambao chembe za udongo hutoa zikipashwa moto). Metali ya moto ilipomiminwa ilifuta mionzi yote iliyokuwa imejikusanya kwenye chembe za udongo, hesabu ikaanza upya. Ukipiga eksirei unaongeza dozi ya leo juu ya ile ya karne zote, na umri unatoka mkubwa kuliko ulivyo. CT (eksirei nyingi za kuzunguka kitu) ndiyo mbaya zaidi. Na hiyo XRF msiielekeze kwenye tundu.

Chokoeni udongo gizani kwa taa nyekundu hafifu. Tabaka la mdomoni mwa tundu lililoona mwanga liwekeni kando, la ndani litieni kwenye kichupa cheusi. Mkikuta kipande cha mkaa, kitengeni kwa ajili ya radiokaboni (kupima umri kwa kaboni), ila hiyo itawapa umri wa mti, si wa siku ya kusubu.

Baada ya hapo eksirei ruksa, lakini bronzi ni nzito: mashine ya kupigia picha mifupa inaweza kupenya masikio na mkia tu. Tafuteni ya viwandani, ya kV 200 na zaidi. Angalieni kiini kinaishia wapi, viputo vya hewa, na misumari iliyoshikilia kiini wakati nta ya umbo la sanamu ilipoyeyushwa ili metali imiminwe.

Mfuashaba
Tumeelewa. Kwenye pembe moja kuna unga wa kijani kilichopauka; ukipanguswa, kesho yake umerudi.

Keekee_1mm
Hiyo ni kloridi ya shaba, inakula metali kila ikipata unyevu. Msiioshe kwa maji. Iwekeni leo hii kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na silika jeli kavu (chembe za kufyonza unyevu), unyevu chini ya 40%, na kipimo cha unyevu kiwe humohumo ndani. Pembe hiyo msitoboe.