Wakala wa safari amekula pesa ya jubilei ya wazazi wangu, na kamgeuza Baba "afisa masoko"

Wakuu, heri ya mwaka mpya kwa wenye heri. Mimi sina.

Naweka haya hapa kabla sijafanya kitu cha kunipeleka polisi mimi badala ya yeye. Uzi ni mrefu, asiyependa kusoma apite kimya. Jina la kampuni silitaji, sheria za jukwaa tunazijua na suala lenyewe linaelekea kwa wanasheria. Jueni tu ni wakala wa safari wa hapa Dar, ofisi ya ghorofani, kiyoyozi cha kugandisha mtu, picha kubwa ya mnara wa Eiffel ukutani, na dada wa mapokezi anayekuita "mpenzi" mpaka siku utakayoanza kudai.

Wazazi wangu ni wa Kibosho, Moshi. Walifunga ndoa Novemba 1975, na wanaofuatilia mambo ya Kanisa wanajua 1975 ulikuwa Mwaka Mtakatifu, yaani Jubilei ya Kanisa. Jubilei za kawaida huja kila baada ya miaka 25, kwa hiyo miaka 50 ya ndoa yao ikaangukia 2025, tena Jubilei. Kitu kama hicho hakipangwi na mtu. Watoto tuko sita, tukakubaliana: hakuna ukumbi, hakuna MC, hakuna sare za kitenge, hakuna ndafu ya kulisha watu ambao wakifika getini wanaanza kusema wali ulikuwa mbichi. Wazee waende Roma. Wapite Mlango Mtakatifu (ule wa kanisa kuu unaofunguliwa mwaka wa Jubilei), wamsikie Papa, wasali kwa Mtakatifu Paulo, warudi nyumbani. Mama ni WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki) tangu sijazaliwa. Muulize anatamani kwenda wapi duniani, hatakutajia Dubai.

Makaratasi ya wazee anayajua aliyewahi kuyahangaikia. Pasipoti inataka cheti cha kuzaliwa cha mwombaji, kitambulisho cha Taifa, na cheti cha kuzaliwa cha mzazi wa mwombaji. Sasa babu yangu aliyezaliwa enzi hizo mgombani, cheti atakitoa wapi? Kiapo kwa wakili. Jina la Mama kwenye kitambulisho lina herufi moja ambayo kwenye cheti cha ubatizo haipo. Kiapo kingine. Ikaja zamu ya alama za vidole. Baba ni fundi seremala, randa na msasa vimemlamba vidole mpaka vimelainika. Mashine inakataa, anafuta kidole kwenye suruali, anabonyeza tena, inakataa. Kijana wa kwenye mashine akamwambia, "Babu, bonyeza taratibu." Baba akamjibu, "Vipo hivyo mwanangu, vitafute tu." Tukacheka wote, na vikapatikana. Hapo sina lalamiko na mtu.

Lalamiko langu ni kwa huyu wakala. Tulimpa Sh milioni 14 mwezi Juni, jumla ya kifurushi Sh milioni 18.5 kwa watu wawili. Kaka yetu aliyeko Marekani ndiye aliyetoa sehemu kubwa. Mdogo wetu mwalimu alikopa SACCOS, na mpaka leo anakatwa. Tulichoambiwa mdomoni na kwenye WhatsApp (ninayo yote, sijafuta hata emoji moja) ni "viza uhakika asilimia mia". Wakuu, hakuna wakala duniani mwenye uwezo wa kukuhakikishia viza. Viza inatolewa na ubalozi. Mkisikia neno "uhakika" kaeni mbali.

Septemba ndiyo tukaletewa ratiba. Niliisoma nikadhani imekosewa bahasha. Kichwa cha habari: "Fungate ya Kimahaba Italia". Chumba chenye maua kitandani na shampeni, kwa wazee wanaosali rozari saa mbili usiku na kulala. Siku ya pili: kwenda Venice kupanda gondola na kurudi Roma siku hiyo hiyo. Treni ile hata iwe ya kasi ni karibu saa nne kwenda na karibu saa nne kurudi! Baba ana goti bovu, nilimwandikia wakala hilo tangu siku ya kwanza. Akampangia kupanda kuba la Mtakatifu Petro. Kule juu ni ngazi 551. Ukilipia lifti bado zinakubakia 320. Halafu mchana wake Ngazi Takatifu, vipandio 28, ambavyo desturi yake havipandwi kwa miguu, unapanda kwa magoti. Kwa goti gani?

Subirini, bado. Makumbusho ya Vatikani yamewekwa Jumapili. Makumbusho yale Jumapili hufungwa, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, na hiyo ya kwenye ratiba haikuwa ya mwisho. "Kuonana na Baba Mtakatifu" kumewekwa Ijumaa. Hata mtoto wa Utoto Mtakatifu (kile chama cha watoto kanisani) anajua katekesi ya Papa, yaani mafundisho yake mbele ya mahujaji, ni Jumatano. Mwaka wa Jubilei ziliongezwa nyingine baadhi ya Jumamosi, lakini Ijumaa? Alinakili kitu cha watu wengine akabadilisha majina, basi.

Na kwenye ankara kuna mstari unasema "tiketi za kuonana na Papa", dola 120 kwa kila mtu. Sikilizeni vizuri hapa, maana najua kuna watu humu wana wazazi Wakatoliki na watauziwa hivi hivi: tiketi za katekesi ya Jumatano ni BURE. Zinaombwa kwenye ofisi ya Vatikani inayoratibu nyumba ya Papa, na zimeandikwa kwamba haziuzwi. Kuingia Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro ni bure. Sala ya Malaika wa Bwana Jumapili saa sita mchana uwanjani ni bure na wala haina tiketi. Mstari mwingine: "huduma ya kiti cha magurudumu uwanja wa ndege", dola 80. Hiyo nayo shirika la ndege na uwanja wanatoa bure kwa mzee asiyeweza kutembea mbali, mradi uombe mapema, na kwa viwanja vya Ulaya wanataka taarifa saa 48 kabla. Ada ya viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwemo) ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Yeye kaandika euro 160 kila mmoja. Hata Baraka ya Kitume, ile karatasi nzuri ya jubilei ya ndoa ambayo pesa yake inakwenda kwa maskini kupitia ofisi ya sadaka ya Papa, kaipiga bei utadhani kauza kiwanja Kigamboni.

Nikampigia. Akasema, "Dada, hizo ni gharama za uratibu." Nikamwambia aandike upya ratiba na aondoe upuuzi wote. Akaondoa shampeni.

Sasa tuje kwenye viza, ndipo damu ilipochemka. Maombi ya Schengen yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, na faili likihitaji kuchunguzwa zaidi linaweza kwenda hadi siku 45. Pesa alikuwa nayo Juni. Pasipoti alikuwa nazo Juni. Miadi ya wazazi kwenda kupeleka maombi aliichukua katikati ya Oktoba, kwa safari ya Novemba! Kila nikiuliza, "Usijali dada, tuna mtu wetu ndani." Mtu gani? Ndani ya wapi? Wazee wakapanda basi kutoka Moshi mpaka Dar, Baba kakunja goti safari nzima, wakasaini walipoonyeshwa kusaini, wakarudi.

Viza zikakataliwa wiki ile ile ya safari. Barua ya kukataliwa ni fomu ya visanduku. Chao kilichowekewa alama kinahusu maelezo ya madhumuni na mazingira ya safari kwamba hayaaminiki. Nikajiuliza hayaaminiki vipi, wazee wawili wanakwenda hija? Nikaomba nakala ya faili. Wakala akagoma kabisa, "ni siri ya ofisi". Kijana mmoja pale, Mungu ambariki, akanitumia kimyakimya.

Nikafungua. Barua ya mwajiri. Ina nembo, ina mhuri. Inasema Baba yangu ni AFISA MASOKO wa kampuni fulani Kariakoo, mshahara milioni 4 kwa mwezi, amepewa likizo ya siku 21 na atarejea kazini. Baba yangu ana miaka 76. Tarehe ya kuzaliwa ipo kwenye nakala ya pasipoti, ukurasa unaofuata wa faili hilo hilo! Mzee mwenye simu ya vitufe, akipigiwa anasimama kwanza ndipo apokee, leo ni afisa masoko. Chini yake taarifa ya benki ambayo si ya benki anayotumia yeye. Na bima ya safari inayoishia umri wa miaka 65.

Na vitu vya kweli tulimpelekea! Kwa wazazi wanaodhaminiwa na watoto njia inajulikana: barua ya udhamini, taarifa zetu za benki na za mishahara, vyeti vyetu vya kuzaliwa vinavyoonyesha hawa ndio wazazi wetu, cheti chao cha ndoa cha 1975, barua ya paroko, uthibitisho wa kihamba (shamba la ukoo) na nyumba kuonyesha wana pa kurudi. Yote tulimpa kwenye bahasha ya kaki, na hakuna hata karatasi moja iliyoingia kwenye faili. Nilipombana, akasema, kwa mdomo wake, "Wazee wastaafu hawapewi viza, lazima uwape kazi." Nani kamwambia? Wangapi wanakwenda kila mwaka na paroko wao?

Mnaosema "pesa hutafutwa", pesa naijua. Kilichonikaa kooni ni kwamba taarifa za maombi ya viza za Schengen hukaa kwenye mfumo wao wa VIS miaka 5, alama za vidole zikiwemo. Vile vidole vilivyotafutwa kwa tabu sasa vimefungwa kwenye uongo wa mtu mwingine, na saini ni ya Baba. Nililazimika kumweleza. Akanyamaza, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo kule wameandika kwamba mimi ni mwongo?" Baba yangu amekuwa mweka hazina wa jumuiya miaka nenda rudi, hajawahi kupungukiwa hata shilingi. Mnataka nimjibu nini?

Mama yeye alishaagwa. Jumuiya ilimwombea, watu wakamletea vikaratasi vya nia zao akaviweke Roma, wengine wagonjwa kabisa. Alishanunua koti na viatu vya kufunika pale Memorial, soko la mitumba Moshi. Sasa anasali misa ya kwanza alfajiri ili asikutane na watu wa kumuuliza "mmerudi lini?"

Mngedhani imeishia hapo. Desemba wakala akaja na lugha tamu: tuombe upya, wazee wataenda Krismasi, Mlango Mtakatifu bado uko wazi. Akataka milioni 1.2 ya "kuharakisha". Kaka akatuma. Hakuna ombi lolote lililopelekwa. Nimefuatilia, hakuna miadi, hakuna risiti, hakuna chochote. Tarehe 6 Januari 2026 Papa Leo XIV akaufunga Mlango Mtakatifu wa Mtakatifu Petro. Jubilei ya kawaida inayofuata ni 2050. Baba atakuwa na miaka 101.

Sasa hivi simu zangu hapokei. Na pasipoti za wazazi kazishikilia, anasema zitatoka tukimalizia "salio la huduma", ile milioni 4.5 iliyobaki. Yaani nimlipie kifurushi ambacho hakikusafiri! Pasipoti ni mali ya Serikali, mtu binafsi huna mamlaka ya kuifanya rehani ya deni lako la kubuni.

Nimeshamwandikia barua yenye mambo haya: pasipoti mbili zirudi mikononi mwetu, pesa yote irudi kasoro ada halisi ya viza ambayo hata sisi tunajua hairudishwi, na atoe maelezo kwa maandishi, yenye saini yake na mhuri wake halali, kwamba barua ya mwajiri aliitengeneza yeye bila Baba kujua. Hilo la tatu ndilo Baba analolitaka. Haya mengine amesema tuachane nayo. Mimi siachani nayo. Nimempa hadi Ijumaa. Jumatatu asubuhi nipo kituoni na lile faili.

Ninachoomba kwenu: kama kuna wakili humu aliyewahi kushughulikia kesi ya kujipatia fedha kwa udanganyifu, hasa yenye nyaraka za kughushi ndani, njoo PM. Na kama kuna aliyewahi kukataliwa kwa nyaraka za wakala akaomba tena kwa nyaraka zake za kweli, aniambie kwenye barua ya maelezo aliandika nini.

Wale wa "si mngewajengea tanki la maji", tanki lipo tangu 2019. Msihangaike.