Upanga wa springi ya matatu kwa mazoezi ya upanga mrefu, unafaa? Niko Nakuru

MtuWaMenengai

Habari zenu wakuu. Mimi na majamaa wangu wawili tunajifunza upanga mrefu wa Ulaya, ule wa kushikwa kwa mikono miwili. Mazoezi tunafanyia nyuma ya kanisa moja Section 58. Mwalimu hatuna. Tunasoma mafundisho ya mabingwa wa zamani kwenye tovuti ya Wiktenauer, maana ni bure, tunachapisha kurasa saiba kisha tunabishana. Wapita njia huuliza kama ni igizo la Pasaka, nasi huitikia ndiyo.

Panga zetu ni za mkaratusi, alituchongea seremala. Sasa zimeanza kutoa vibanzi, na zikikutana zinarukiana badala ya kushikana kama maandishi yanavyosema. Kuna fundi wa jua kali anayefua panga za shamba kutokana na springi za matatu. Anasema atanifulia mmoja wa futi nne, butu, ncha ya mviringo. Bei yake haifiki hata karibu na ya kuagiza feder, ule upanga butu wa chuma wa mazoezi, kutoka nje na kulipia ushuru. Kichwani tungevaa helmeti za pikipiki. Nimwambie aanze?

NyarMilimani

Mdogo wangu, mwambie angoje kwanza.

Mimi niko Kisumu. Upanga niliujulia Ujerumani nikiwa mwanafunzi, na mpaka leo naushika alfajiri, kwa sababu koti la mazoezi kwa jua la huku saa nne asubuhi ni adhabu.

Helmeti ndiyo imenifanya nijibu. Ile imeundwa kukinga fuvu likigonga lami. Haikuundiwa ncha. Kioo chake kikidungwa kinaweza kupasuka au kufunguka, na chini ya kidevu koo liko wazi. Wachezaji huvaa kinyago cha wavu wa chuma, chenye kitambaa cha koo kilichopimwa nguvu: 350 au 1600, hizo ni nyutoni. Kinyago hicho hakifuniki kisogo, kwa hiyo huongezwa kifuniko cha nyuma, na kinga ngumu ya koo ndani. Mchezo wa vitara wa Olimpiki upo Kenya, Alexandra Ndolo alituwakilisha Paris 2024, na kinyago chao ndicho sisi tunachoanzia. Waulizeni wachezaji wa Nairobi kabla hamjaagiza mbali.

Feder nayo, usiione ghali bure. Bapa lake ni jembamba kuelekea ncha ili lipinde linapomfikia mwenzako kifuani. Karibu na chuma cha kukinga mkono linapanuka, uzito unakaa mikononi. Upanga mzima ni kilo moja na nusu hivi, wala si tano kama watu wanavyodhani. Springi ikifuliwa na mtu ambaye hajawahi kuushika wa kweli haitapinda. Mtakuwa mnadungana kwa nondo.

Kuhusu kurukiana, mbao zina lawama nusu. Nusu ni yenu: nadhani mnalenga upanga, hamlengi mtu. Fanyeni hivi, polepole kabisa. Wote wawili mkate kutoka bega la kulia, kila mmoja akikilenga kichwa cha mwenzake. Panga zitakutana mbele ya nyuso. Simameni hapo hapo. Kama wake unausukuma wako kando, usishindane naye: inua mikono, uachie wake upite, zungusha wako upige upande wa pili, yeye atakuwa amejipeleka mwenyewe. Kama wake umelegea, usiondoke, peleka ncha moja kwa moja. Jambo hilo huamuliwa na mikono, macho yanachelewa. Angalia pia panga zimegusana wapi: sehemu iliyo karibu na mpini ina nguvu, ya kuelekea ncha haina. Ukiweka ncha yako kwenye mzizi wa upanga wake, umeshashindwa.

Mafundisho ya Johannes Liechtenauer, bingwa wa Kijerumani wa karne ya 14, yamejaa hilo. Mashairi yake yalifumbwa makusudi asiyefundishwa asiyaelewe, kwa hiyo kubishana kwenu ni haki yenu. Yasomeni pamoja na ufafanuzi wa Sigmund Ringeck, msiyasome matupu. Na kwa kuwa vinyago hamna, afadhali mwanzie kwa Joachim Meyer wa Strasbourg, 1570. Enzi zake Wajerumani walikuwa wameacha kudungana kwa upanga mrefu, kazi kubwa ni mikato na miguu. Fiore dei Liberi wa Italia ana michoro ya kupendeza, ila huyo mzee anavunja viwiko na kukutia kitako cha mpini mdomoni. Mwacheni kwanza.

FundiWaMbale

Mambo ya Ujerumani siyajui, lakini chuma nafua, niko Mbale, Vihiga. Springi ni chuma kizuri, dada asiionee. Shida ni moto. Panga la shamba ni fupi, linaingia lote kwenye makaa. Bapa la futi tatu na zaidi haliingii kwenye tanuru letu la feni. Utapasha kipande, usogeze, upashe kingine, na vipande havitapata joto moja. Ukilizamisha kwenye oili, pengine panakuwa pagumu kama kioo, pengine palaini. Halafu linatakiwa kupashwa tena kwa moto mdogo ili ugumu upungue, nalo hilo litoshane toka shina hadi ncha. Lisipotoshana litakatika pale pagumu, na palipokatika pana makali hata kama ulilifanya butu.

Mwambie seremala wako achague gogo lililonyooka, alipasue kwa shoka badala ya msumeno. Msumeno unakata nyuzi za mti katikati, ndiyo maana mnaona vibanzi. Kisha mlipake mafuta ya kitani.

MtuWaMenengai

Asante dada, asante fundi. Chuma nimekiacha. Tutachanga watatu tupate kinyago kimoja kwanza. Kikiwa kimoja, anavaa nani?

NyarMilimani

Anayepigwa. Na akikivaa harudishi pigo hata kidogo, kwa sababu aliye mbele yake uso uko wazi. Kasi ya nusu, mbao tu, bila kudunga. Mkipata cha pili ndipo mpambane.

Umetaja kichwa, hujataja vidole, na vidole ndivyo huvunjika mapema. Glavu za bondia haziwezi kushika mpini. Tafuteni mtumba glavu nzito za hoki ya barafu, hizo kwa mbao zinasaidia. Kwa chuma hazitoshi, mtakapofika huko mniulize tena.