Kuhani wa Ilmater kamtesa mateka: nimnyang'anye miujiza?

Mwendeshaji wa Jumamosi
Wakuu, naomba ushauri kabla ya Jumamosi. Naendesha Dungeons & Dragons, toleo la 5, mchezo wa dadu ambao mimi nasimulia na wachezaji wanaigiza wahusika. Mchezaji wangu mmoja ana kuhani wa Ilmater, mungu anayebeba maumivu ya wanaoteseka. Alama yake ni mikono miwili iliyofungwa kamba nyekundu. Juzi walimkamata goblini, kiumbe adui, na kuhani huyohuyo akamchoma vidole ili ataje njia ya pangoni. Dakika mbili baadaye kaomba dua, kamponya mwenzake jeraha. Nilikosa raha kabisa. Kitabu cha sheria cha 2014 hakisemi kuhani wa namna hii anapoteza nini. Nimnyang'anye miujiza yote?

Rungu na Ngao
Mkuu, zamani jibu lilikuwepo. Mwongozo wa mwendeshaji wa AD&D (toleo la zamani la mchezo huu), ule wa 1979, uligawa miujiza hivi: daraja la 1 na la 2 kuhani anaipata kwa imani na mafunzo yake mwenyewe, la 3 hadi la 5 inaletwa na watumishi wa mungu, la 6 na la 7 anaitoa mungu mwenyewe. Basi aliyeteleza unaweza kumpunguzia kutoka juu. Akiamka akaomba, apate ya chini tu. Akiuliza kulikoni, mwambie kamba ya alama yake imelegea.

Binti wa Alfajiri
Mimi ni mchezaji, kuhani wa Lathander, mungu wa alfajiri. Niliwahi kunyang'anywa miujiza yote katikati ya pigano bila onyo, jioni nzima nikabaki narusha dadu za rungu na kukosa. Inauma. Kwanza niambie: kabla hamjaanza, mlikaa mkakubaliana Ilmater anakataza nini?

Mwendeshaji wa Jumamosi
Hatukukaa, dada. Nimempigia leo, kumbe alimchagua Ilmater kwa ajili ya uponyaji, habari ya kubeba maumivu hakuifahamu. Tumeandika miiko mitatu pamoja: asimuumize aliyefungwa, asiyejiweza atibiwe kwanza, hata akiwa adui, maumivu anayoweza kuyabeba yeye asimwachie mwingine. Miujiza sigusi. Jumamosi naanza na ndoto: anaamka vidole vyake vinawaka, palepale alipomchoma yule goblini. Goblini bado yumo kambini, amefungwa, na mwenzao mwingine ana jeraha la mshale. Kuhani amebakiwa na dua moja ya kuponya.