Taa ya chembe za chuma imewaka kwenye Caravan: injini inaweza kuruka masaa mangapi tena? Naomba ushauri

Mwana_Katuba
Jambo kwenu wakubwa. Mimi ni mekanisie hapa Lubumbashi, tuna Cessna 208B, yaani Caravan, yenye injini ya turbini ya PT6A-114A. Taa ya chembe za chuma, ile ya kuonya kwamba kuna chuma ndani ya mafuta ya injini, iliwaka ndege ikitoka Manono. Nimefungua kizibo cha sumaku kinachonasa chembe hizo, nimekuta uji mweusi kidogo, nimeupangusa na kurudisha. Mafuta nimebadilisha pia, yameingia 20. Swali langu ni moja tu: injini kama hii hufanya masaa mangapi kabla ya kufunguliwa? Patro (bosi) anataka jibu leo, kesho kuna mzigo wa Kalemie.

Yaya_Turbini
Mdogo wangu, jibu la masaa halipo. Linategemea ulichokikuta, na wewe umekipangusa kwenye kitambaa. Kitafute hicho kitambaa.

Uji laini mweusi ni msuguano wa kawaida. Vipande bapa vinavyong'aa upande mmoja ni jambo lingine: hapo beringi au meno ya giaboksi yanabanduka. Sumaku nayo hushika chuma tu. Shaba ya bushi, fedha inayopakwa kwenye keji (vishikizo vya gololi) za beringi, alumini ya kasha, vyote hivyo vinapita na kwenda kwenye filta. Kwa hiyo fungua filta. Iko ubavuni mwa injini, ina vali inayozuia mafuta ya tangi yasimwagike, usiogope. Isuuze kwa kiyeyusho safi ndani ya chombo safi, mimina kwenye karatasi nyeupe ya kuchujia, kisha angalia kwa lenzi. Pitisha sumaku chini ya karatasi: kinachosogea weka huku, kisichosogea weka kule. Vipime, halafu nenda kwenye jedwali la kitabu cha injini. Jedwali ndilo litakalosema uendelee, uwashe injini chini na kukagua tena, au uitoe.

Kasuku_Ruashi
Masaa mangapi? Mpaka itakapozima. 😂

Leseni_Kwanza
Ninachokiona hapa ni suala la leseni. Katika mfumo wa Ulaya, leseni ya B1.1 ni ndege za turbini, B1.2 ni za pistoni, B2 ni umeme na avioniki (vifaa vya kielektroniki vya ndege). Nani anasaini kwamba hiyo ndege iko tayari kuruka? Vijana wengi hapa mjini wanafanya kazi ya B1 kwa mshahara wa mfagizi. Mimi nashauri avioniki, mikono inabaki safi.

Yaya_Turbini
Hajauliza kazi. Mwana_Katuba, taa sasa hivi inafanya nini?

Mwana_Katuba
Haiwaki.

Yaya_Turbini
Haiwaki kwa sababu gani? Na filta umeifungua?

Mwana_Katuba
Filta bado, oringi mpya (pete za mpira za kuzibia) hatuna, zinatoka Johannesburg. Taa… iliwaka tena tulipojaribu injini chini. Patro akasema huenda ni waya tu, nitoe plagi ya waya kwenye kizibo. Nimeitoa na kuifunga tepu. Lakini ni ya muda, mpaka oringi zifike! Presha ya mafuta iko sawa, joto liko sawa, torki iko sawa. Kama ingekuwa mbaya geji zingeonyesha. Kuna wenzetu wanaruka hivyo hivyo, na mimi nilishapokea nusu ya mshahara.

Mama_Kampemba
Mwanangu, mshahara hauzikwi na mtu. Hao watakaopanda kesho wana watoto. Piga magoti kwanza.

Fundi_Waya
Apige magoti, sawa, lakini achukue na maltimita. Kujua kama ni waya ni kazi fupi. Plagi ikiwa imetoka na taa bado inawaka, waya umegusana na bodi. Ikizimika, tatizo liko kwenye kizibo: kikiwa safi pini zake zisipitishe umeme, ukiunganisha ncha mbili za sumaku kwa bisibisi zipitishe. Wewe mwenyewe unasema plagi ilipotoka taa ilizimika. Basi waya ni mzima. Na geji huchelewa, beringi inaweza kubanduka wakati presha imetulia kabisa.

Kasuku_Ruashi
Subirini. Amesema mafuta "yameingia 20". Mfumo mzima wa Caravan, pamoja na filta na kipoozeo cha mafuta, ni kama lita 13. Lita 20 zimeingia wapi, kwenye viatu? Hii ni hadithi ya kutungwa. Au ni mtu wa kampuni fulani anavua majina ya mafundi.

Leseni_Kwanza
Nami nilishangaa. Fundi wa kweli angetaja aina ya mafuta.

Mwana_Katuba
Sijasema lita. Ni makopo 20! Ya robo galoni. Nilimwaga, nikasuuza mfumo, nikamwaga tena, nikajaza. Mobil Jet II, ile ile ya zamani, sikuchanganya. Kijiti cha kupimia mafuta nimekisoma ndani ya dakika 10 baada ya kuzima, kwenye alama ya mafuta ya moto. Kitambaa nimekipata. Vipande viwili vinang'aa, kimoja ni kama ganda la samaki, sumaku inavishika.

Yaya_Turbini
Mfumo huchukua kopo 14, na ukimwaga kipoozeo hakiishi chote. Kusuuza na kujaza, 20 zinaingia. Kasuku, mwache.

Mdogo wangu, ganda ndani ya mafuta uliyoyabadilisha, na taa imewaka mara mbili. Caravan ina injini moja na njia ya Kalemie si lami ya uwanja wa ndege wa Luano. Rudisha plagi leo. Andika kwenye kitabu cha ndege: taa imewaka, chembe zinazong'aa zimepatikana, filta haijakaguliwa, ndege isiruke. Weka tarehe na sahihi. Piga picha ya ukurasa na ya chembe kando ya rula, chembe zenyewe zitie kwenye kichupa, maabara watazitaka.

Mwana_Katuba
Nikiandika hivyo patro atanifukuza leo leo.

Fundi_Waya
Atakufukuza. Ila rubani atakuwa amesoma kabla ya kupakia. Na ukifunga kizibo, oringi mpya, ilowanishe mafuta ya injini kwanza, waya wa usalama, ule wa kuzuia kizibo kisilegee, uvute upande wa kukaza.

Kasuku_Ruashi
Makopo matupu 20 unayauza? Niko Ruashi, naweza kupita jioni.