"KWANI ULIKUWA UNAZIHITAJI?" Huyu fundi atanitia wazimu

Wakuu, naandika nikiwa bado natetemeka, herufi zikiruka mnivumilie. Yule fundi mnamjua, simtaji. Yule yule.

Simu ilijaa hadi ikawa inagoma kupokea meseji. Nikamwambia taratibu: hamishia picha na video kwenye memori kadi, hakikisha zinafunguka, ndipo uifute simu. Kigumu hapo nini? Bwana mkubwa kachomeka kadi, simu ikamuuliza aifanye hifadhi ya kuhamishika au hifadhi ya ndani. Kagonga ya ndani! Kwa wasiojua, ukichagua hiyo kadi inafungwa kwa fumbo na ufunguo unabaki kwenye simu ile ile. Halafu akaifuta simu yote. Ufunguo nao ukaenda. Picha zimo kwenye kadi, ila hata malaika hazisomi.

Naichukua simu, kadi inaniambia haisomeki, niifomati. Nauliza picha ziko wapi. Jamaa hata macho hakuinua, anapuliza vumbi kwenye tundu la chaja, anasema: "Kwani ulikuwa unazihitaji?"

KWANI. ULIKUWA. UNAZIHITAJI.

Video ya mwanangu anatambaa imo humo. Sasa hivi anakimbia, nimwambie atambae upya? Na hela kachukua! Na akaniomba nyingine ya kufomati kadi! Kwani ulikuwa unazihitaji... Kwani yeye pua anaihitaji?

Betri Kimeo: Siti ya mbele nimewahi. Ila mkuu, kwani ulikuwa unazihitaji?

Mleta uzi: Wewe nitakutafuta.

Bi Kelele: Wako ana nafuu. Mimi niliuziwa kadi imeandikwa GB 64, kumbe ndani ni GB 8 zilizopakwa poda. Inapokea kila kitu bila kulalamika, ukija kufungua picha nusu uso nusu kijivu. Na aliyeniuzia ananiambia nimezijaza vibaya!

Kisiki: Bi Kelele, kadi mpya ijaze yote kwanza kwa programu ya kupimia kadi, H2testw, kwenye kompyuta, inaandika kisha inasoma ilichoandika. Feki inaumbuka hapo hapo.

Bi Kelele: Asante kwa kunizindua nikiwa nimeshazikwa.

Fundi Mstaafu: Mnatuonea. Mteja anakuja na simu aliyoisahau nywila, anakusimamia kichwani "fanya haraka", kisha lawama kwa fundi.

Mleta uzi: Fundi Mstaafu, ni WEWE?

Ngoma Droo: Mimi kadi ina nafasi GB 20 ila video ya GB 5 inaikataa, inasema haitoshi. Hesabu gani hii?

Kisiki: Hiyo imefomatiwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, faili moja haliwezi kufika GB 4. Ifomati exFAT, mpangilio mpya zaidi unaopokea mafaili makubwa.

Ngoma Droo: Vilivyomo vitabaki?

Kisiki: Havibaki. Nakili pembeni kwanza.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada, mtu ameniambia kwani ulikuwa unaz

Bi Kelele: Tumeshasikia, kaka. Kisiki, hiyo exFAT hata simu ya zamani inaisoma?

Kisiki: Si zote. Jaribu na faili dogo kwanza.

Betri Kimeo: Nyie mnagombania kadi, simu yangu mpya hata tundu lake haina. Nani anabadilishana?

Ngoma Droo: Yangu inalo, ila spika imekufa. Njoo inboksi.