Jina la aliyebuni templeti ya bure: libaki chini ya ukurasa au lifutwe?

Mleta mada

Mwenye duka la viungo hapa Marikiti, Mombasa, alinipa kazi ya tovuti. Nikachukua templeti ya bure (sura ya tovuti iliyokwisha kutengenezwa) ya WordPress, ile programu ya kujengea tovuti, nikabadili rangi, nikatia picha za iliki na mdalasini, vitufe vyote nikavigeuza Kiswahili. Siku ya kumkabidhi akaivuta kwa kidole mpaka chini kabisa, akasimama hapo. "Huyu ni nani?" Ni jina la mbunifu wa templeti, kwa herufi ndogo. Nikamweleza. "Mimi nimekulipa wewe. Huyu simjui, mtoe."

Nikamtoa. Ilikuwa kazi ya dakika mbili, na mpaka leo nafsi yanisuta.

Leseni naijua, msinikimbilie na hilo. Templeti za kwenye hazina rasmi ya WordPress zinatakiwa ziwe na leseni inayopatana na GPL, leseni ya programu huria. Unaruhusiwa kubadili, kutumia kwa biashara, hata kuuza. Ukisambaza nakala, notisi za hakimiliki zilizomo ndani ya mafaili uziache. Lakini kumwonyesha mgeni wa tovuti jina la mbunifu, GPL haikulazimishi.

Mimi naangalia kanga. Nenda Mtaa wa Biashara ushike kanga ya Mali ya Abdulla, ile nyumba iliyoanza 1887. Jina limechapwa pale pale pembeni mwa kitambaa, na mamangu hulitafuta kabla hajauliza bei. Sijamsikia akisema "nimenunua mimi, Abdulla simjui, mtoeni." Basi kwenye tovuti jina la fundi limekuwaje uchafu wa kufutwa?

Wa Kisauni

Mfano wako umekwenda kombo, bwana. Abdulla anauza kanga yake mwenyewe, lile jina ni biashara yake. Huyo mbunifu kaamua kutoa bure, hakuna aliyemshika mkono.

Mfano ulio sawa ni fundi cherehani. Nikimpelekea suti ya mtumba akaipunguza mabega, lebo inabaki ndani ya kola na mimi naingia harusini. Nani atembee na kola nje? Lebo ya templeti imo mwanzoni mwa style.css, faili la ndani linalopanga sura ya tovuti: jina la templeti, mtunzi, leseni. Ukiiacha hiyo umemaliza deni. Wateja wangu hawalipi ili kumtangaza mtu wa nchi nyingine.

Wa Tudor

Nyote wawili mwazungumza kana kwamba bure ni moja tu. Hapana. Templeti za tovuti ya HTML5 UP, kwa mfano, ziko chini ya leseni ya Creative Commons BY 3.0, na hapo kumtaja mbunifu ndiyo bei yenyewe. Ukifuta bila ruhusa yake umevunja sharti, hata kama umebadili kila rangi. Leseni ya MIT nayo yataka notisi yake ibaki kwenye nakala, ila haikuagizi uiweke mbele ya macho ya mgeni. Someni leseni kabla ya kupakua, si baada ya mteja kununa.

Halafu kuna sheria yetu wenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inahesabu programu za kompyuta kuwa kazi za maandishi, na kifungu cha 32 kinampa mtunzi haki ya kutambuliwa. Kama haki hiyo inafika mpaka chini ya ukurasa, hapo waachieni mawakili.

(Na mkikuta templeti ya bure ambayo msimbo wa sehemu ya chini ya ukurasa umefichwa kwa herufi zisizosomeka, msiiguse kabisa. Heshima ya mbunifu si tatizo lenu tena hapo. Linki zilizofichwa na virusi hupenda kulala sehemu hiyo.)

Wa Likoni

Mimi swali moja tu. Ulimwambia mteja kwamba umeijenga mwenyewe?

Mleta mada

Sikumwambia hivyo. Ila hata alipokuwa akinisifu mbele ya wanawe, sikumkatiza.

Wa Likoni

Ehe. Basi hayo ya kanga na kola ni mapambo. Kinachokusuta ni hicho. Mwambie: templeti ya fulani, kazi ya kuirekebisha na kuifasiri yangu, na hela ni za kazi hiyo. Akiisha kujua, jina likae au lisikae, mimi sina neno.

Wa Kisauni

Hapo nakubali, japo kwa shingo upande. Lakini chini ya ukurasa bado hapana.

Mleta mada

Jamani, mambo yamejitatua vibaya. Asubuhi nimebofya kusasisha templeti. Mimi nilikuwa nimehariri faili la asili moja kwa moja, sikutengeneza templeti-mtoto ya kuhifadhi mabadiliko yangu, kwa hiyo toleo jipya limefuta mkono wangu wote. Saa nne simu ikalia. "We kijana, yule mtu wako amerudi."

Nikaona ndiyo nafasi. Nikamweleza yote, kipi changu na kipi si changu. Akanyamaza. Akauliza, "Yeye huyo, anakula pilau?" Nikasema sijui.

"Basi muulize. Akiagiza viungo, abaki."